Prado 90 ya kubebea asali Sikonge: nipande hadi 33 au nibaki na saizi ndogo?

Mama_Nyuki_TBR

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa watu wanaotembelea barabara kama zetu.

Nina Prado 90 ya dizeli, injini 1KZ, milango mitano. Rimu ni zile za spoti za inchi 16 zilizokuja na gari, matairi 265/70R16, na kashata (meno ya tairi) zimeisha. Kazi yangu ni kununua asali kwa warina asali wa Sikonge, porini huko ukishaipita Ipole, na kuileta Tabora mjini. Lami haina neno. Kasheshe inaanza pale unapoiacha. Njia za porini zimechimbwa na malori ya tumbaku: mifereji miwili ya kina, katikati umebaki mgongo, na difu yangu ya nyuma inaukwangua huo mgongo hadi nasikia chuma kikilia chini ya kiti. Mvua zikianza, kwenye mbuga udongo mweusi unajaa kwenye kashata na gari linateleza kama liko juu ya sabuni. Pembeni ni visiki vya miti iliyokatwa kwa panga, vina ncha, na tairi langu la kushoto nyuma limechanwa ubavuni na kisiki cha namna hiyo. Pancha ya ubavuni haizibiki, mnajua wenyewe.

Mzigo ni ndoo za lita 20. Wengi wanadhani asali ni kama maji. Ndoo moja ikijaa inafika kilo 28. Ndoo ishirini ni kilo 560, hapo hujamweka dereva, mimi, jeki, koleo na maji ya kunywa.

Sasa muuzaji mmoja amenipangia seti nzima: matairi 285/75R16 ya matope (ndizo zinazoitwa 33, urefu wake ni karibu inchi 33), rimu mpya za upana wa inchi 8 zenye ofuseti ya −10, na springi za kuinua gari inchi mbili. Picha aliyonitumia inapendeza kweli. Lakini hela hii ni mtaji wa msimu, nikiitoa naitoa kwenye asali ya watu. Nataka kujua kama hiyo 33 itanivusha kweli kwenye yale mapito, au kuna saizi nyingine inayofaa kwa gari la mzigo. Na hiyo ofuseti ina maana gani kwangu? Anayeniuzia hakunieleza nikaelewa, alisema tu gari "litasimama vizuri".

---

Kijana_wa_Isevya

Dada, 33 usiziogope. Mimi natembea nazo kwenye 90 kama ya kwako, naenda Kaliua na kwenye mashamba ya ndugu zangu upande wa Ugalla masika na kiangazi.

Jambo moja ulielewe kabla hujatoa hata shilingi ya springi. Huo mgongo unaokwangua difu, springi hazitakusaidia. Difu ya nyuma ya 90 iko ndani ya ekseli nzima, na ekseli inabebwa na matairi. Ukiinua springi, bodi ndiyo inayopanda, difu inabaki palepale ilipokuwa. Cha kuinua difu ni tairi refu tu, hakuna njia nyingine. Springi unazihitaji ili tairi kubwa lipate nafasi ndani ya madigadi.

Na kweli utakata kidogo. Ile plastiki ya ndani pamoja na ncha ya chini ya bampa la mbele nimezipunguza kwa msumeno. Nikikata usukani hadi mwisho nikiwa kwenye korongo bado linagusa kidogo, lakini siyo la kukuzuia kufanya kazi. Matope ya mbuga kashata za MT (tairi la matope) zinayatema vizuri, na kwa hilo sitakudanganya, tofauti na AT (tairi la njia zote) ipo na unaiona.

---

Fundi_Upepo_Mwanga

Dada habari za Tabora. Niko Kigoma, Mwanga, kazi yangu ni matairi na magurudumu, na magari ya porini ndiyo mengi yanayoletwa kwangu. Kijana wa Isevya kasema kweli kuhusu difu na nitaanzia hapohapo, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayoamua.

265/70R16 lina urefu wa karibu milimita 777 kutoka chini hadi juu. 285/75R16 ni 834. Tofauti ni 57, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu inapanda nusu tu, milimita 28. Hiyo ndiyo faida yote ya 33 kwenye ule mgongo wako, chini kidogo ya sentimita tatu. Ukifunga 265/75R16 lenye milimita 804, difu inapanda 13. Ukifunga 235/85R16 lenye 806, inapanda 14. Kwa hiyo kati ya 33 na hizi saizi mbili unabishania sentimita moja na nusu. Sasa angalia unailipiaje.

Kwanza injini. Tairi refu ni sawa na kubadilisha gia zote za gari ziwe ndefu zaidi. Kwa 33 ni kama asilimia 7. Kijana wa Isevya anatembea mtupu au na magunia machache, halioni. Wewe una zaidi ya nusu tani ya asali, kwenye matope, kwa mwendo wa kutambaa ambapo upepo wa kupoza rejeta haupo. 1KZ na joto haviivani. Silinda hedi ya injini hiyo ikichemshwa inapasuka, fundi yeyote wa dizeli atakwambia. Saa ya spidi nayo itakudanganya: ikisoma 80 kwenye lami ya Sikonge, wewe uko karibu 86, na breki ni zilezile za zamani zinazosimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi.

Pili, na hapa ndipo ninapokuomba uwe makini kuliko kote, boljointi za chini za mbele, yale maungio yanayoshika gurudumu kwenye mkono wake wa chini. Kwenye 90 zimefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta kuzichomoa, tofauti na magari ambayo uzito unaigandamiza boljointi ndani ya kikombe chake. Ikilika hadi ikaachia, gurudumu linalala chini ya madigadi na gari linapiga pua. Limeshaletwa kwangu likiwa juu ya lori, rimu imegeuka imeangalia juu, shafti ya mbele imechomoka, na mpira wa boljointi ulikuwa umechanika siku nyingi kwa sababu ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu umegandamana na kukauka kama tofali. Mwenye gari alikuwa amefunga rimu za kutoka nje.

Ndiyo tufike kwenye ofuseti uliyouliza. Ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na lile bapa linalokaa kwenye habu. Ikiwa chanya, gurudumu limeingia ndani ya gari. Ikiwa hasi, limetoka nje. Geuza rimu yako uangalie mgongoni, imepigwa chapa. Nyingi nilizoshika za 90 ni upana wa inchi 7 na ofuseti +15. Hiyo ya muuzaji ni inchi 8 na −10. Ukingo wa nje wa rimu utatoka karibu milimita 38 zaidi kila upande. Hapo beringi za mbele zinabeba uzito kwa mkono mrefu, boljointi vilevile, usukani unarushwa kila ukikanyaga jiwe, na matope yanapiga mlango hadi kioo. Na tairi likizungushwa linachora duara kubwa zaidi, ndiyo maana linagusa bampa na kile kibanio cha bodi kilicho nyuma ya gurudumu la mbele. Gari la picha, sawa. Gari la asali, hapana.

Tena usifunge 285 kwenye rimu zako za sasa ili ukwepe gharama. Saizi hiyo inataka rimu kuanzia inchi 7.5. Kwenye 7 tairi linabanwa miguu, katikati linavimba, linalika katikati na ubavu unajitokeza kwenye visiki. Rimu zako za inchi 7 zinakubali 265/75 na 235/85 zote mbili bila tatizo. Kwa hiyo ukibaki kwenye saizi hizo, hela ya rimu inabaki mfukoni.

Tatu ni tairi la akiba. Liko mgongoni kwenye mlango wa nyuma. 33 na rimu yake ni mzigo mwingine kwa zile bawaba, na barabara ya mifereji inautikisa mlango siku nzima hadi haufungi sawasawa, vumbi linaingia kwenye ndoo zako. Lakini usije ukafunga manne makubwa ukaacha akiba ndogo. 90 yako inavuta magurudumu yote manne muda wote. Gurudumu moja likiwa dogo, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika, na ukiweka HL (kufunga difu ya katikati) ukiwa kwenye barabara kavu ndiyo kabisa, kitu kitakatika. Nunua matano. Ukishindwa matano, subiri msimu ujao.

Ushauri wangu ni 235/85R16, aina ya LT (tairi la magari ya mzigo mwepesi), nyuzi kumi. Ubavuni yameandikwa 120/116: namba 120 ni kilo 1,400 kwa tairi moja, na hiyo 116 ni kilo 1,250 yakifungwa mawili mawili kama lori. Mzigo wako hayashtuki. Ila uelewe kwamba tairi kubeba kilo 1,400 hakuongezi hata kilo moja kwenye kile springi na ekseli zako zinachoruhusiwa. Ndoo zibaki ishirini.

---

Mkonga_Kalya

Shikamoo fundi, nimekuelewa. Mimi ni dereva wa hadtopu ya mkonga, njia yangu ni Simbo, Ilagala hadi Kalya, kandokando ya ziwa. Gari linatembelea 7.50R16 za tyubu kwenye rimu nyembamba za chuma, na hizo ni ndefu sawa na hiyo 235/85 aliyoitaja fundi.

Dada, mbuga yenu ya Tabora naijua, nimepita Uvinza hadi Kaliua kabla lami haijafika. Tairi jembamba linakata tope la juu linatafuta pagumu chini. Pana linaelea, na udongo mweusi ukishajaa kwenye kashata tairi pana linakuwa bapa, linakwenda linakotaka lenyewe. Kwenye mifereji ya lori jembamba linakaa ndani ya mfereji bila kupanda ukuta wa pembeni, na ubavu haujitokezi kwenye visiki. Hilo la visiki ndilo lingenitosha kuamua.

Mchanga ni habari nyingine. Huku ziwani kuna sehemu za mchanga mtupu, na watu wanakwambia jembamba halifai. Linafaa, ukitoa upepo. Nikifika mchangani nashusha hadi PSI 18, tairi linalala na kurefuka mbele na nyuma, linakanyaga eneo kubwa kuliko unavyodhani. Ila ukitoka mchangani jaza, usiseme nitajaza mjini. Tairi la upepo mdogo likikimbizwa na mzigo linachemka ubavuni na nyuzi zinaachana. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo, ni bei ndogo sana ukilinganisha na tairi moja.

Na jambo la upatikanaji, ambalo naona wote hamjaligusa. 7.50R16 naipata hata kwenye miji midogo kwa sababu Canter zinatumia. Ukichana 285/75 huko porini unakaa unasubiri basi lilete kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na warina asali wanauza kwa mwingine.

---

Kijana_wa_Isevya

Kwenye kupatikana hapo naafiki, yangu huwa naagiza. Na kuhusu kutembea na mzigo mwepesi, fundi yuko sahihi, sibebi nusu tani. Lakini kwa MT dhidi ya AT bado nasimama na MT. Dada anaingia mbugani mvua zikiwa zinanyesha.

---

Mama_Nyuki_TBR

Nawashukuru sana, nimesoma yote mara mbili nikiwa na mahesabu pembeni. Hiyo ya sentimita moja na nusu imenifungua macho. Habari ya boljointi imenitisha, kesho gari linapandishwa jeki.

Maswali yamebaki machache. Fundi, kwa nini 235/85 na siyo 265/75, kama urefu ni uleule na zote zinakaa kwenye rimu yangu? Duka la hapa lina 265/75, za 235/85 wanasema waagize. Na MT au AT? Mimi ninatembea sehemu kubwa kwenye lami na vumbi, tope ni kile kipande cha mwisho, lakini kile kipande ndicho kinachonilaza porini. La mwisho, kuna mtu ananiuzia rimu za chuma zilizotoka kwenye Patrol, nati sita kama zangu. Nilifikiri ziwe za porini, za spoti nizihifadhi.

---

Fundi_Upepo_Mwanga

Nianze na rimu maana hilo ni la hatari. Nati sita na nafasi ya milimita 139.7 zinafanana, ndiyo maana zinaingia. Lakini tundu la katikati la Patrol ni milimita 110, habu yako ni 106. Rimu haitashikwa na habu, itaning'inia kwenye studi peke yake, na kwa mzigo wako utasikia usukani unatetemeka na studi zinachoka. Ukitaka za chuma tafuta zilizotoka kwenye Hilux, Surf au Prado mwenzake, uzipime tundu na ofuseti kabla ya kulipa. Za Land Cruiser 80 nyingi ni inchi 8 na ofuseti 0, tunarudi kwenye yaleyale ya kutoka nje. Na L200 usihangaike, tundu lake ni dogo, haliingii kabisa.

Ukihamia rimu za chuma, nati nazo zinabadilika. Rimu yako ya spoti inatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ya chuma inatumia nati yenye ncha ya koni inayokaa kwenye shimo la koni. Ukifunga nati ya spoti kwenye rimu ya chuma inaonekana imekaza, halafu inalegea njiani. Ukiwa na aina moja kwenye gari na akiba ya aina nyingine, weka seti ya pili ya nati kwenye kisanduku cha spana.

265/75 dhidi ya 235/85: kama duka lina 265/75 ya LT, nyuzi kumi, ya mwaka wa karibuni, chukua, usilale siku kumi unasubiri. Ni tairi zuri. Ninapendelea 235 kwa sababu aliyosema dereva wa mkonga, visiki. Sentimita tatu za upana ukizipunguza, kila upande ubavu unarudi ndani sentimita moja na nusu, na ni jepesi zaidi kuzungushwa na 1KZ. Lakini 265/75 ya mkononi inashinda 235/85 ya ahadi. Soma namba nne za mwisho za DOT, ile chapa ya kiwandani ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita kashata zake ni mpya na mpira wake ni mzee. Ukikunja kucha kwenye kashata uone vimistari vya mpasuko, liache.

AT au MT, hapa nampinga kijana kwa heshima. MT kwenye lami iliyolowa inashika vibaya kuliko AT, inalika haraka, na kelele yake ukiwa umebeba abiria ni ya kuchosha. Kama ungekuwa unaishi ndani ya mbuga ningekubali. Kwa njia yako nunua AT yenye kashata za kina na mabega yaliyochongwa, na minyororo ya magurudumu ya nyuma uiweke chini ya kiti. Kwenye udongo mweusi mnyororo unaishinda MT yoyote. Jaribu kwanza kama unazunguka bila kugusa shokapu au bodi.

Ukishafunga, kabla ya kwenda porini fanya hivi. Tafuta gogo au tuta, panda na gurudumu moja la mbele, likandamizike hadi likaribie madigadi. Paka chaki begani mwa tairi pande zote mbili. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, rudi nyuma kidogo, kisha ushuke uangalie chaki imefutika wapi. Rudia upande wa pili. Kwa 265/75 au 235/85 kwenye rimu zako pengine litagusa mpira wa matope tu, huo unaukata kwa kisu.

Boljointi: jeki iwe chini ya mkono wa chini wa gurudumu, gurudumu liwe hewani kidogo, mtu apenyeze mtaimbo chini ya tairi anyanyue huku mwingine ameweka kidole kwenye maungio. Ukisikia mchezo wowote, badilisha zote mbili, kushoto na kulia, na boliti zake nne ziwe mpya. Usinunue matairi kabla ya hizo.

Upepo: ukiwa mtupu LT hizo anza na PSI 35 mbele na nyuma. Ukipakia ndoo, nyuma panda hadi 45. Ukizifunga leo, kaza nati tena kwa mtindo wa msalaba ukifika Sikonge, na mara nyingine ukirudi mjini.

---

Mama_Nyuki_TBR

Nimelipeleka gari. Boljointi ya kulia ina mchezo, ya kushoto mpira umepasuka. Zote mbili zinaagizwa pamoja na boliti. 265/75 za dukani nimeziona, DOT ni za mwaka jana, nyuzi kumi, AT, na zipo tano. Nimeweka arubuni ya tano.

Mkonga wa Kalya, hiyo pampu ya betri unatumia ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari au ya kubana moja kwa moja kwenye betri?

---

Mkonga_Kalya

Ya kubana kwenye betri, dada. Ya kiberiti ni ya matairi ya Vitz, kwa LT ya nyuzi kumi itachemka na kuunguza fyuzi kabla hujamaliza tairi la pili. Washa injini kwanza ndipo ubane nyaya, nyekundu kwenye chanya, na mpira wa upepo upimwe uwe mrefu wa kufika magurudumu ya nyuma.